Kinga Mbili Zisizoteleza Pamoja

Mimba ya mwanangu wa tatu ilitungwa mwaka 2011, wakati nikiwa nimekwisha kutumia vidonge vya majira kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kuruka hata kimoja. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu kazi yangu ni kufundisha hisabati, na mazoea ya kazi yamenifuata hadi chumbani: kila usiku saa tatu nilimeza kidonge, kisha nikaweka nukta ya wino pembeni ya tarehe katika kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango. Nukta zote zilikuwepo, na mimba nayo ilikuwepo. Nesi aliyenipima alinitazama kwa upole wa mtu aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi, akaniambia, "Mama, wengi huruka kidonge bila wenyewe kujijua." Nilitaka nirudi nyumbani nikamletee kalenda yangu. Sikurudi.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimegundulika kuwa na kifua kikuu. Dawa za kifua nilikuwa nikizichukua katika jengo lile lile nilimochukulia vidonge vya uzazi wa mpango, hapa hapa Tanga, milango miwili tu ikivitenganisha vyumba hivyo, na kila chumba kikiwa na kadi yake, daftari lake na mhudumu wake. Katika chumba cha kwanza niliambiwa kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa na kwamba nisiogope. Ukageuka, nami sikuogopa. Katika chumba cha pili nilipimwa shinikizo la damu na kuulizwa kama ninaumwa kichwa. Hakuna aliyeniuliza ninameza dawa gani nyingine, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kusema, kwa kuwa nilidhani kila ugonjwa una chumba chake mwilini kama ulivyo na chumba chake pale kituoni.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana aliyekuwa zamu siku moja nilipokwenda kliniki ya wajawazito. Aliichukua kadi ya kifua kikuu, akaiweka juu ya kadi ya uzazi wa mpango, akashika kichwa. Dawa ile ile inayougeuza mkojo rangi, rifampisini, hulichochea ini lizidishe vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa, na miongoni mwa vinavyovunjwa upesi ni homoni zilizomo katika vidonge vya majira. Mimi nilikuwa nakimeza kidonge kwa uaminifu, na ini langu lilikuwa linakiondoa kabla hakijamaliza kazi yake. Kilichotakiwa ni kuongeza kondomu kwa miezi yote sita ya matibabu na wiki nne za ziada baada yake, maana ini halirudi katika hali yake siku ile ile dawa inapokoma. Au kuhamia kwenye sindano ya miezi mitatu au kitanzi chenye shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, ambavyo rifampisini haivigusi. Niongeze hapa, kwa kuwa watu huwa wanachanganya, kwamba viuavijasumu vya kawaida kama amoksilini havina tabia hiyo.

Mwanangu alizaliwa salama, na simjutii hata kidogo. Yeye mwenyewe siku hizi ananishinda kwa hesabu za vichwani. Lakini swali lile lilinibakia: kwa nini nilikuwa nimeegemea nguzo moja tu, na kwa nini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba nguzo mbili zinaweza kusimamishwa pamoja, wala namna ya kuzichagua?

Nilianzia kwenye namba. Kila njia ya uzazi wa mpango huwa na namba mbili, moja ya watu wanaoitumia bila kosa lolote, nyingine ya watu walivyo. Kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka mzima bila kosa, hata mmoja ni nadra kupata mimba. Kati ya 100 wanaovitumia kama watu wa kawaida wanavyovitumia, 7 hivi hupata. Kwa kondomu ya kiume namba ni 2 na 13. Kwa sindano ni chini ya 1 na 4. Kwa kumwaga nje ni 4 na 20. Kijiti cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kitanzi vina namba mbili zinazokaribia kulingana, zote zikiwa chini ya 1, kwa sababu vikishawekwa havimtaki mtu akumbuke chochote. Wanaoishi na mwenzi bila njia yoyote hufikia 85 kati ya 100. Namba hizi zimekusanywa zaidi Marekani, lakini mpangilio wake, nani juu na nani chini, ndio ule ule wanaoufundisha wahudumu wetu.

Pengo kati ya namba ya kwanza na ya pili ndilo lililonivutia, maana pengo hilo si la dawa, ni la maisha: ni safari ya msiba iliyozuka alfajiri, ni duka la dawa lililofungwa sikukuu ya Idi, ni mume aliyesema "leo tu". Na ndilo pengo ambalo njia ya pili hulisimamia. Kwa hesabu ya karatasi, ukichukua vidonge vyenye 7 kati ya 100 na kondomu yenye 13 kati ya 100, ukazidisha, unapata 91 kati ya 10,000, yaani hata mmoja kati ya 100 hafiki. Njia mbili za wastani, ambazo kila moja peke yake ina mianya yake, zikiunganishwa zinakaribia daraja la kitanzi. Mara ya kwanza nilipoiandika hesabu hiyo pembeni ya daftari la maandalizi ya somo nilifurahi kama mtu aliyeokota hela.

Furaha hiyo ilikatika nilipoitazama tena kwa jicho la mwalimu. Kuzidisha namna hiyo kunaruhusiwa tu pale ambapo matukio mawili ni huru, kama kurusha sarafu na dadu: sarafu haijui dadu imeangukaje. Watu si sarafu. Mwanamke aliyesahau vidonge vyake Tanga alipokwenda harusini Pangani, mara nyingi amesahau na kondomu, kwa sababu vyote vilikuwa katika mkoba mmoja. Wanandoa walioamua usiku mmoja kutojali kondomu, huenda ndio wale wale ambao wiki hiyo hawakujali na kidonge. Hapo ile 91 kati ya 10,000 inapanda, na inaweza kupanda sana. Kwa hiyo swali lenye maana, na ndilo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa kila anayeniuliza tangu hapo, si kama njia hii ina nguvu kuliko ile. Ni hili: kitu gani huiangusha ya kwanza, na kitu hicho hicho kinaweza kuiangusha ya pili? Kama jibu ni ndiyo, una njia moja yenye majina mawili.

Vidonge huangushwa na usahaulifu, na kutapika, na kuharisha sana, na dawa kama ile yangu. Kondomu haijali hata kimoja kati ya hivyo. Kondomu huangushwa na haraka, na kuchanika, na mwanamume asiyetaka. Kidonge hakijali. Ndiyo maana wawili hawa wameelewana vizuri hivyo. Uholanzi wamekuwa wakiwahimiza vijana wao kwa miongo mingi kutumia vyote viwili kwa pamoja, kidonge kwa ajili ya mimba na kondomu kwa ajili ya maradhi na pia kwa ajili ya siku ambayo kidonge kimesahauliwa, na nchi hiyo imekuwa miongoni mwa zenye mimba chache zaidi za wasichana wadogo duniani. Sisemi kwamba ni kwa sababu hiyo peke yake. Shule zao nazo huzungumza na watoto mambo ambayo sisi huyaacha hadi mkesha wa ndoa.

Mkesha wa ndoa yangu alikuja somo wangu, mwanamke wa kumfunda bibi harusi, Mungu amrehemu, akanifundisha mengi ambayo hayana nafasi hapa, na miongoni mwake ni matumizi ya mafuta ya nazi. Alikuwa na sifa za kweli juu ya mafuta hayo, na sina ugomvi naye. Lakini somo alifundisha kwa zama ambazo kondomu haikuwemo katika hesabu. Mpira wa kondomu za kawaida ukikutana na mafuta, yawe ya nazi, ya kupikia, ya kujipaka au ya mgando, hulegea na kupoteza nguvu ndani ya dakika chache, na hupasuka mahali ambapo jicho halioni. Mwaka wa kwanza baada ya mtoto wa kwanza zilitupasukia mbili, nasi tukailaumu kondomu. Kinachofaa ni vilainishi vya maji, ambavyo maduka ya dawa huuza. Nimewahi kulisema hili katika kikao cha wanawake wa mtaani petu, na nilipomaliza, ukumbi mzima ulikaa kimya, kisha wakaanza kucheka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka la kwake.

Na kuna wanaodhani kwamba kama kondomu moja ni nzuri basi mbili ni bora zaidi. Sivyo. Zikivaliwa mbili husuguana na kuvutana, na ushauri wa kawaida ni kutumia moja. Kadhalika kondomu ya kike na ya kiume hazishauriwi kutumika kwa wakati mmoja. Hapa kanuni ile inajionyesha waziwazi, kwa kuwa mbili hizo hufa kifo kimoja. Ni hivyo hivyo kwa homoni mbili: mwenye kijiti mkononi akiongeza vidonge kwa matumaini ya kujikinga zaidi, anazidisha maudhi bila kuzidisha kinga yenye maana, isipokuwa pale mhudumu anapompa vidonge hivyo kwa muda ili kutuliza damu inayotoka ovyo, ambalo ni jambo jingine.

Kalenda inahitaji uangalifu zaidi, na hapo ndipo nimewaona watu wengi wenye akili zao wakiteleza. Njia ya siku maalumu humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake hauwi mfupi kuliko siku 26 wala mrefu kuliko 32, na humtaka ajihadhari kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Zipo shanga zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, uzi wenye shanga 32, ya kwanza nyekundu, kumi na mbili nyeupe kwa siku za hatari, nyingine za kahawia, na pete ya mpira inayosogezwa kila asubuhi. Zile nyeupe hung'aa gizani. (Somo alinifundisha shanga za kiunoni, za namna hii hakuzijua.) Sasa wenzangu wengi husema, "Mimi nachanganya kalenda na kondomu," na ukiwauliza wanachanganyaje, wanakuambia kwamba siku salama hawatumii kitu na siku za hatari wanatumia kondomu. Huko si kuchanganya. Siku za hatari wamesimama juu ya kondomu peke yake, tena katika siku ambazo kupasuka kwake kuna gharama kubwa kuliko siku nyingine zote za mwezi. Siku salama wamesimama juu ya hesabu peke yake, na hesabu huvurugwa na homa, na safari, na huzuni. Kila siku wana kinga moja. Anayechanganya kwelikweli ni yule anayetumia kondomu siku salama na siku nyeupe akajizuia kabisa, au yule anayetumia kondomu siku zote na siku nyeupe mwanamume akatoka kabla ya kumwaga.

Hilo la mwisho watu hulidharau, nami sioni sababu. Kumwaga nje peke yake ni njia dhaifu, kwa kuwa inamtaka mwanamume awe na akili timamu katika sekunde ambayo hana akili hizo, na kwa kuwa majimaji yanayotangulia yanaweza kuwa na mbegu. Lakini mwanamume aliyevaa kondomu akatoka kabla ya kumwaga ameongeza kinga isiyogharimu senti, na kondomu ikiwa ilikuwa na tundu, tundu hilo halikupitisha kitu. Kwa wanandoa wasiotaka homoni kabisa, na wapo wengi kwa sababu za kiafya au za moyo, hii ndiyo jozi ninayoitaja kwanza.

P2 ina mahali pake katika mpango huu, na mahali pake ni nyuma. Ni dawa ya kondomu iliyopasuka, kidonge cha levonogestreli kinachofanya kazi zaidi ya yote kwa kuchelewesha yai lisitoke. Kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofaa, na inafaa imezwe ndani ya saa 72. Ikiwa yai limekwisha kutoka, haina la kufanya. Wasichana niliowahi kuwafundisha, ambao sasa wako vyuoni Dar es Salaam na Dodoma, hunipigia simu wakiniita Mama na kunieleza kwamba wameimeza mara tatu mwezi huu, kana kwamba ndiyo njia yao ya kila siku. Huwaambia kwamba kondomu kila mara na P2 kabatini ni jozi. P2 kila mara bila kondomu ni bahati nasibu. Na huwaambia jambo ambalo wahudumu wachache hulitaja kwa vijana, kwamba kitanzi chenye shaba kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo huzuia mimba kuliko P2 yoyote, kisha hubaki pale kikiendelea kufanya kazi kwa miaka. Wengi hushtuka. Mmoja alikwenda.

Mwalimu wa kike aliyefundisha kwa muda mrefu katika nchi hii ana orodha kichwani ya wasichana waliotoka darasani na mimba wasirudi tena, kwa kuwa hadi serikali ilipobadili msimamo mwezi Novemba 2021 shule za serikali hazikuwapokea. Orodha yangu ni ndefu. Ndiyo maana huwa nazipokea simu hizo hata usiku.

Hadi hapa nimeandika kana kwamba kila njia inapatikana kwa kuamua tu. Lakini njia zina wenyewe. Kidonge, sindano, kijiti na kitanzi ni vya mwanamke. Kondomu na kumwaga nje, sema utakalosema, ni vya mwanamume. Jozi nyingi zilizo imara huchukua moja huku na moja kule, na hapo ndipo mambo yanapokwama, kwa kuwa zinahitaji watu wawili wanaozungumza. Nawajua wanawake kadhaa wanaochoma sindano kwa siri, kila baada ya miezi mitatu wakiaga kwamba wanakwenda sokoni. Sindano inawafaa kwa sababu haionekani. Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia aongeze kondomu unamwambia aanzishe vita viwili kwa pamoja, maana mumewe atauliza kwa nini, na jibu lolote lina mtego: akisema ni kwa ajili ya mimba, ataulizwa kwani hataki watoto, akisema ni kwa ajili ya maradhi, ataulizwa nani kati yao ametoka nje. Katika ndoa zetu kondomu husomwa kama shtaka. Sijapata dawa ya jambo hilo. Nilichojifunza nyumbani kwangu ni kwamba neno hulainika likipewa sababu isiyo ya mtu. Sisi tuliilaumu rifampisini. Tulisema "ni ya hizi dawa za kifua", na baba watoto aliyekuwa ameikataa kondomu kwa miaka sita akaikubali, akaendelea nayo hata baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa ya nyumbani.

Kwa wanawake hao wa sindano kuna jambo jingine zito. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake 7,829 katika nchi za Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, Kisumu ikiwa kituo chake kwa upande wa Kenya, ili kujua kama sindano ya miezi mitatu humweka mwanamke katika hatari zaidi ya kupata VVU kuliko kitanzi chenye shaba au kijiti. Haikuonekana tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu, na wengi walishusha pumzi. Mimi nilibaki na namba nyingine iliyokuwa ndani ya matokeo hayo hayo: wanawake 397 walipata VVU katika kipindi cha utafiti, ingawa walikuwa wakipewa kondomu na ushauri. Walikuwa wamekingwa dhidi ya mimba kwa njia bora zilizopo duniani, na njia hizo hazikuwa na neno lolote la kumwambia virusi. Njia ya kuzuia mimba ikiongezwa kondomu kwa ajili ya virusi, mimi huiita ulinzi pacha, ingawa pacha mmoja wao anamtegemea mwanamume.

Upande wa dawa nao una hadithi inayofanana na yangu, tena iliyowagusa watu wengi zaidi. ARV iitwayo efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika mchanganyiko wa kawaida, hulichochea ini kama inavyofanya rifampisini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za wanawake wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba wenye vijiti waliotumia efavirenzi walipata mimba kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wenye vijiti waliotumia ARV nyingine iitwayo nevirapini. Wahudumu wengine walipousikia habari hiyo walianza kuwatoa wanawake vijiti, jambo ambalo halikuwa sahihi, kwa kuwa utafiti ule ule ulionyesha kwamba hata hao wa efavirenzi na kijiti walikuwa na mimba chache kuliko waliotegemea vidonge au sindano. Jibu lilikuwa kuacha kijiti mahali pake na kuongeza kondomu. Leo dolutegraviri, isiyo na tabia hiyo, imechukua nafasi ya efavirenzi katika matibabu ya kawaida, lakini dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini bado ziko kwenye rafu zile zile na bado zinafanya kazi ile ile kwenye ini. Mwenye kifafa anayetumia vidonge vya majira, na hajaambiwa chochote, ni mimi wa mwaka 2011.

Baada ya kujifungua nilinyonyesha, na kunyonyesha kwenyewe ni njia, mradi mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na hapewi kitu kingine chochote, hata maji, mchana na usiku. Masharti hayo matatu yakitimia kwa pamoja, mimba hupatikana kwa chini ya wanawake 2 kati ya 100. Sharti moja likianguka, yote yameanguka. Mama mkwe wangu, aliyeogopa mtoto kubemendwa, alikuwa na njia yake iliyo kali kuliko zote, ya kumhamishia mwanawe chumba cha wageni. Sisi tuliongeza kondomu kimya kimya, na mtoto alipofikisha miezi mitano nikawekewa kitanzi, kabla sharti la kwanza halijakatika. Hiyo ilikuwa mwaka 2012.

Naitaja tarehe kwa sababu nyakati za kupokezana ndizo zinazowaangusha wengi, wale wanaotoka njia moja kwenda nyingine na kuacha siku kadhaa katikati zisizo na mwenyewe. Kitanzi chenye shaba hufanya kazi saa ile ile. Lakini anayeanza vidonge vyenye homoni mbili baada ya siku ya tano ya hedhi, au anayewekewa kijiti au kuchomwa sindano baada ya siku ya saba, anatakiwa kuongeza kondomu kwa siku saba; na aliyeruka vidonge viwili au zaidi mfululizo anatakiwa kuanza kuhesabu siku saba upya. Siku saba si nyingi. Huwa nashangaa jinsi zinavyosahauliwa na wahudumu na wateja pia, kana kwamba kinga huanza pale mtu anapotia saini kadi.

Kupokezana kurefu kuliko kote katika maisha yetu kulikuwa kati yangu na baba watoto. Kitanzi changu kilipofikisha miaka kumi na moja, kikiwa kimebakiza mmoja kufikia ule wa kumi na mbili ambao ndio mwisho wake, baba watoto alirudi jioni moja kutoka barazani, akakaa kitandani, akasema kwamba zamu yangu imetosha na kwamba yeye atakwenda kufunga uzazi. Nilidhani anatania. Kwa wanaume wa hapa jambo hilo huitwa kuhasiwa, na neno hilo peke yake limewafukuza wengi kabla hawajafika mlangoni, ingawa kinachokatwa ni mirija miwili ya kupitisha mbegu tu, kokwa zikabaki zilivyo na uume ukabaki na nguvu zake zote. Alikwenda Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri alikuwa amelala sebuleni na barafu iliyofungwa kwenye kanga, akiwaambia wageni kwamba ameteguka mguu.

Hapo ndipo tulipogombana kidogo. Yeye alidhani kazi imekwisha siku ile, nami nilikuwa nimesoma kwamba mbegu zilizokwisha kupita mahali pa kukatwa hubaki njiani, na kwamba inabidi kusubiri miezi mitatu, kisha manii yapimwe. Mimba nyingi zinazosemwa kuwa ni za operesheni iliyoshindwa huwa ni za miezi hiyo. Alitaka twende wote kituoni nikatoe kitanzi siku hiyo hiyo, kama ishara, alisema, ya kunishukuru. Nilikataa. "Baba Zuhura," nilimwambia, "mimi naachia mkono mmoja nikishashika wa pili." Akanuna siku mbili, kisha akaniuliza miezi mitatu inakwisha lini, nami nikamwonyesha kwenye kalenda.

Siku ilipofika alibeba kichupa ndani ya mfuko wa kaki, akakiweka kwapani kipate joto kama alivyoelekezwa, akapanda bodaboda. Alirudi baada ya saa nne akiwa na karatasi iliyosema kwamba hakuna mbegu iliyoonekana. Hakusema neno. Alikwenda nyuma ya mlango, akatafuta kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari, akaweka nukta pembeni ya tarehe. Jumatatu iliyofuata nikaenda kutolewa kitanzi.